Kipimo Nilichokila

Nyuzi mpya za gitaa la besi zina harufu yake. Pakiti ikichanwa, kwanza inakuja harufu ya chuma, halafu mafuta kidogo, kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Jumamosi nilikuwa dukani hapa Arua kuchagua nyuzi za gitaa la kanisa letu la Awindiri. Muuzaji, kijana ambaye labda ananizidi miaka miwili tu, akachana pakiti moja ili nizishike. Akaniuliza, "Sista, unataka unene gani?" Unene ninaoutaka naujua vizuri. Ila mdomo wangu ulijaa ghafla utamu wa bua bichi la mtama, utamu wa kijani unaokwaruza ulimi, na nikawa tena mtoto wa darasa la tatu aliyesimama kando ya baba yake, akiomba Mungu asiulizwe kitu.

Mimi si mtu wa maneno. Darasani nikiitwa nasimama nusu, nakaa. Ndiyo maana nina daftari. Lakini jambo hili hata daftari lilikuwa halijaliona mpaka likizo iliyopita. Naliandika sasa kwa ajili ya nyinyi wa umri wangu, mnaoelekea mtihani mmechoka kama mimi, kwa sababu nadhani wengi wenu mna kosa moja la utotoni mlilolibeba mpaka bega likalizoea.

Tulikuwa tunakaa Abuku, upande wa Koboko, na wazazi wangu bado wako huko. Baba alifyatua matofali. Asubuhi alikanyaga udongo, mchana akafyatua, na jua likianza kushuka vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wenyewe unavyopasuka ukikauka. Mama alikuwa na shamba la mihogo na mtama. Mara tatu kwa wiki, baada ya matofali, Baba alinawa, akapaka vidole mafuta ya mgando, akaenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa mpiga besi wa kanisa tangu kabla sijazaliwa.

Gitaa lenyewe lilikuwa jekundu zamani. Mkanda wake ulikuwa wa gari, ule wa kujifungia kwenye kiti, ambao fundi mmoja aliutoa kwenye gari lililoanguka. Waya ulikuwa umezungushiwa plasta za hospitali sehemu tatu, na ukipinda vibaya spika ilinguruma kama tumbo la mgonjwa. Spika yenyewe ilikuwa sanduku la seremala. Baba alijua kila ugonjwa wa vitu hivyo. Kabla ya ibada alipiga magoti, akanyoosha waya, akauwekea jiwe usisogee, kisha akasimama nyuma kabisa ya kwaya, ukutani, pale ambapo hakuna anayegeuka kuangalia.

Na mimi sikuwahi kumsikia. Gitaa la solo nililisikia. Ngoma nilizisikia, na kinanda cha Samweli, kijana ambaye familia yake ilivuka kutoka Sudani Kusini, nilikisikia mpaka nje. Mkono wa Baba niliuona ukitembea juu ya nyuzi, lakini kitu kilichotoka humo sikukipata. Nilichokijua mimi ni benchi. Kwaya ikianza tu, benchi letu la mbao lilitetemeka chini ya mapaja yangu, na kifua kikatetemeka kidogo pamoja nalo. Hilo sikuliuliza. Nilijua ni Mungu anaingia. Nilidhani makanisa yote duniani mabenchi yake hufanya hivyo Mungu akifika.

Kuhusu Baba niliamua hivi: gitaa lake halina sauti, watu wa kwaya wanajua, na wamemwachia alishike tu kwa kumhurumia, kwa sababu ni mtu mzuri na amechoka. Nilimwonea huruma sana. Sikumwambia yeyote, nisije nikamwaibisha.

Halafu uzi wa tatu ukakatika. Nyuzi zote zilikuwa zimeshika kutu zamani. Mara kadhaa Baba alikuwa amezifungua na kuzichemsha na sabuni ya unga kwenye sufuria ya Mama, na kila mara ziliamka wiki mbili hivi, zikalala tena. Mama akikuta sufuria inachemka aliuliza, "Leo tunakula nini, supu ya gitaa?" Baba alijibu, "Ongeza chumvi." Lakini uzi uliokatika hauchemshiki.

Mwalimu Yosia, kiongozi wa kwaya, alikuja nyumbani siku ileile. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kanisani hata akiomba maji.

"Mzee, mkutano ya kwaya kule Midia iko Jumapili ingine," alisema. "Kwaya zote ya huku inakuja. Gitaa inasema ama haisemi?"

"Itasema."

"Kama haisemi, tunaenda na kinanda ya Samweli. Lakini sikia vizuri. Tukiimba Midia bila besi na watu wanafurahi, wazee watauliza, sasa besi iko ya kazi gani? Hapo mimi sina jibu. Nafasi yako itakwisha."

"Nimesema itasema, Mwalimu."

Alipoondoka, Mama alisema, "Wakikutoa?" Baba akasema, "Watanitoa," akaendelea kuchokonoa udongo chini ya kucha. Mimi niliyekuwa nikichambua maharage nikaelewa kwamba nyuzi zisipopatikana Baba atafukuzwa kanisani, asimame nje siku zote za Jumapili na wavuta tumbaku. Nililia kimya juu ya maharage.

Nyuzi za besi Koboko hazikuwepo wakati ule. Ilibidi kwenda Arua. Na gitaa halikuruhusiwa kutoka. Wazee walikuwa wameweka sheria, kwa sababu kanisa jirani lilipeleka lao kutengenezwa na halijarudi mpaka leo. Sasa utanunuaje nyuzi za kitu usichokuwa nacho? Kwetu hilo halikuwa swali gumu. Kwetu hata viatu vya mtoto hununuliwa hivyo. Mtoto anabaki nyumbani, mama anapima mguu wake kwa kijiti, anaongeza kidole kimoja cha kukua, na kijiti ndicho kinachoenda sokoni. Mwalimu Yosia akatoa ufunguo, na Mama akaingia kwenye chumba cha kanisa na bua refu la mtama alilokata shambani asubuhi hiyo. Akalilaza juu ya gitaa, kuanzia chini nyuzi zinapofungwa, kupita shingo yote, mpaka kwenye kizungushio cha mwisho cha kukazia. Akaongeza vidole vinne. Akakata kwa kisu. Akanipa mimi.

"Wewe ndiye utashika," alisema. "Baba yako atasahau kwenye gari. Usivunje. Usiangushe."

Nilijisikia nimepewa fimbo ya askofu.

Tulitoka kabla hakujapambazuka vizuri, na gari la mihogo lililokuwa likienda Arua. Baba alipanda nyuma juu ya magunia. Mimi nikawekwa mbele na dereva, bua kati ya magoti. Hatukuwa tumekula. Baba alisema tutakula tukifika. Lakini gari liliharibika mara moja, kisha dereva akasimama kupakia tena, na jua likapanda, na pale kwenye ncha ya chini, Mama alipokata, bua lilikuwa linatoa maji.

Nililamba tu kwanza. Mtama ule ulikuwa wa aina tamu, ule ambao watoto tunautafuna shambani tukiwinga ndege. Nikalamba tena. Halafu nikawaza, na nakumbuka mawazo yale neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia mara nyingi kuliko sala yoyote. Niliwaza: gitaa la Baba halina sauti hata hivyo. Inatosha nyuzi zionekane. Wazee wakiona gitaa lina nyuzi, hawatamfukuza. Na bua ni refu, refu kuliko mimi. Pingili moja itajulikana na nani?

Nikamenya kwa meno, nikatafuna.

Dereva akanitupia jicho. "Hee! Nimebeba mtoto ama nimebeba panya?"

Nikatema makapi dirishani. Kisha nikang'ata ile ncha mpaka ikawa sawa, nikaisugua kwenye vumbi la sakafu ya gari ionekane imekatwa zamani.

Duka lilikuwa nyuma ya soko. Ndani magitaa yalining'inia darini kama mbuzi buchani. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kongo, mzee mwenye tumbo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila mtu alimwita Papa Jado.

"Karibu, Papa," alimwambia Baba. "Unatafuta nini?"

"Nyuzi ya besi. Zote nne."

"Gitari iko wapi?"

"Imebaki Koboko. Wazee hawataki itoke. Nimeleta kipimo."

Papa Jado akaangalia bua, akaniangalia mimi niliyelishika, akacheka mpaka akashika meza. "Miaka yote minauzisha hapa! Batu banaleta picha, banaleta uzi ya zamani. Mutu wa kuniletea mutama, weye ni wa kwanza!"

"Kwetu hata viatu tunanunua hivyo."

"Na viatu inaenea?"

"Mara ingine," alisema Baba, na hapo wote wawili wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa woga.

Kisha Papa Jado akaacha mzaha akawa fundi. Akatoa nyuzi mbili za mfano, akamwambia Baba apitishe kidole. "Hii iko na meno. Unasikia? Inapiga kelele, mutu wa barabarani anasikia. Hii ingine iko laini, iko na nyama. Inasema polepole. Weye unataka gani?"

Baba alikuwa na kawaida ya kuficha viganja vyake akiwa mjini, lakini sasa alivifungua juu ya meza. "Ile haiumi iko?" aliuliza.

Niliona haya. Mwanaume mzima anauliza uzi usiouma. Nilitarajia yule mzee acheke tena, lakini hakucheka. Alishika vidole vya Baba kimoja kimoja, kama daktari, akasema, "Chukua ya laini, Papa. Lakini ya laini niko nayo namna mbili, ya shingo refu na ya shingo fupi. Leta mutama."

Nikalitoa. Akalilaza juu ya meza, akanyoosha uzi mrefu kando yake. Uzi ukapita, kiganja kizima kikabaki nje. Akanyoosha ule mfupi. Ukakaa karibu sawa kabisa.

"Njo hii, ya fupi," alisema. Halafu akakuna kichwa. "Lakini Papa, miye nakuambia. Gitari ya kanisa mingi iko refu. Kipimo hii, munaiamini?"

Baba akachukua bua. Akaligeuza upande wa chini. Akapitisha kidole gumba kwenye ile ncha, taratibu, akaenda nacho hadi juu, akarudi. Mimi nikaanza kuhesabu magitaa darini ili nisimtazame. Ningesema pale. Neno moja tu, "Baba," lingetosha. Nikaendelea kuhesabu.

"Fuata bua," alisema Baba.

"Ukifungua pakiti hakuna kurudisha."

"Fuata bua, Papa."

Tulipotoka alinipeleka kwa mama mmoja wa chapati. Akaniagizia mbili na maharage, yeye akanywa chai. "Kula, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. "Kula yote." Alinitazama nikila, na mimi nikafikiri ananitazama hivyo kwa furaha kwamba nyuzi zimepatikana. Chapati ya pili ilinishinda.

Jumamosi mchana, kabla ya Midia, alikaa kwenye ngazi ya kanisa na gitaa mapajani. Nyuzi za zamani alizikata zote kwa koleo kabla hajafungua pakiti. Uzi mwembamba ulifika. Wa pili ulifika. Wa tatu ulifika kwa shida, sehemu yake nene ikikomea pale shingo inapoishia. Wa nne, ule mnene, ndio mama wa besi, ulifika kwa ncha yake nyembamba tu. Baba akauingiza kwenye kizungushio, akakaza kidogo, akakaza tena. Ukakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo, tap, kama mtu amevunja kucha.

Mwalimu Yosia alikuwa amesimama pale. Samweli pia.

"Imekwisha," alisema Mwalimu Yosia.

Samweli alikuwa kijana mwenye adabu. Alijikuna shingo, akasema, "Baba, kesho mkono yangu ya kushoto inaweza kushika besi kwa kinanda. Kesho tu. Wewe utapumzika."

"Sawa, mtoto yangu," alisema Baba. Akalaza gitaa chini. Hakuuliza kilichotokea. Hakunitazama.

Midia watu walikuwa wengi mpaka nje chini ya maturubai. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu Baba alikaa na sisi kwenye benchi, kati yangu na Mama, mikono juu ya magoti. Kwaya yetu ikaitwa. Samweli akapiga, na sauti ikatoka kwenye spika ndogo za tarumbeta zilizofungwa juu ya nguzo, safi, nyembamba, bila kukosea. Kinamama wakasimama wakacheza, vumbi likapanda, watu wakapiga vigelegele.

Benchi halikutetemeka.

Nilisubiri. Nikaweka viganja viwili juu ya mbao. Hakuna. Nikaangalia kama watu wengine wameona kwamba Mungu hajaja, lakini wote walikuwa wanacheka na kucheza. Nikamgeukia Baba nimuulize, nikamkuta amefumba macho, kichwa kimeinama, na hapo, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu, nikaelewa. Kilichokuwa kinatetemesha benchi letu siku zote kilikuwa mkono wake. Gitaa lilikuwa na sauti kuliko vitu vyote mle ndani. Na mimi niliila.

Alibaki amefumba macho mpaka mwisho wa wimbo, na wimbo uliofuata. Nikajua anaumia sana hata hawezi kuangalia. Na hakuna aliyeona kwamba hayupo mahali pake. Mimi peke yangu niliona, mimi niliyemtoa.

Ikawa kama Mwalimu Yosia alivyosema. Wazee waliuliza besi ni ya kazi gani, na hakuna aliyejibu. Gitaa likatundikwa kwenye chumba cha kanisa. Baba akabaki na matofali. Nilimchunguza kila Jumapili nikitafuta huzuni, na mtu ukimchunguza kwa kutafuta huzuni utaipata. Akikohoa, niliona ni ile. Akinyamaza mezani, ni ile.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja familia ya Samweli ilihama, na kwaya ikabaki bila mkono wa kushoto. Mwalimu Yosia akaleta nyuzi mpya, za shingo ndefu safari hii, akamjia Baba. Baba akamwonyesha vidole, akasema haviwezi tena. Nikasikia sauti ikisema, "Nitapiga mimi." Wote wakageuka kuangalia nani amesema. Hata mimi nilishangaa.

Baba alinifundisha mwenyewe, maneno machache sana, akishika kidole changu na kukiweka mahali. Miezi ya kwanza ngozi ilichubuka mpaka nikashindwa kushika kalamu. Sikulalamika. Niliona ni haki. Nimepiga Abuku, na nilipokuja kusoma Arua na kukaa kwa baba mdogo Awindiri, nimepiga Awindiri, na likizoni napiga tena Abuku. Mazoezi Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, ibada mbili Jumapili, na sasa mtihani wa kidato cha nne umenikalia kichwani. Kuna siku nafunga ule mkanda begani na kusikia mwili wote unasema hapana. Lakini ningeachaje? Mtu mwingine anaweza kuacha. Mimi nilikuwa narudisha kitu.

Likizo iliyopita nilimkuta Baba kwenye matofali, mchana, jua kali. Nilikuwa namwaga maji kwenye udongo. Uchovu wa muhula mzima ulikuwa mgongoni, na labda ndio ulionifungua mdomo.

"Baba."

"Eeh."

"Ile bua ya kupima gitaa. Ya kwenda nayo Arua. Nilikula pingili moja kwa gari."

Alisawazisha udongo kwenye fremu, akaupiga, akainua. Tofali likabaki chini, zuri.

"Mbili," alisema.

"Nini?"

"Ulikula mbili. Pingili ya chini ni fupi, ndiyo umesahau. Na makapi ilikuwa kwa gauni yako, hapa." Akagusa kifua chake kwa kidole cha udongo.

Nikaweka ndoo chini. "Ulijua pale dukani?"

"Nina macho."

"Na ukasema fuata bua."

"Nikasema fuata bua." Akajaza fremu tena, lakini hakuipiga. Akakaa juu ya visigino. "Kwanza niliona aibu, mama. Nimetoka na mtoto asubuhi, sijampa hata chai, mtoto anakula kipimo. Ningemwambia nini yule mzee? Halafu nikasimama pale na ile bua, nikaona, hee, hii ni njia."

"Njia ya nini?"

"Ya kupumzika. Nilikuwa nimechoka. Udongo asubuhi, uzi jioni, udongo, uzi. Na Mwalimu Yosia huwezi kumwambia umechoka. Atakuombea."

Ningecheka siku nyingine. "Lakini Midia ulifumba macho," nilisema. "Nyimbo mbili. Ulikuwa unaumia."

"Midia?" Alinitazama kama haelewi, kisha uso wake wote ukafunguka. "Midia nililala! Muulize mama yako, alinifinya mara mbili. Usingizi ya Midia, mimi sijapata ingine kama ile."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nalia, na hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi. Nikamwambia yote: huzuni niliyomtafutia kila Jumapili, vidole vilivyotoka damu, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. "Napiga miaka yote hii kwa sababu ya bua," nilisema. Sauti yangu ilikuwa juu, ilinishangaza.

Kicheko kikamwisha. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mimi nilifikiri unapenda."

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema." Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena, kama kuna kitu hakitoki. "Basi sikia. Hakuna kitu unanirudishia. Sikupoteza kitu. Kama umechoka, weka chini. Kaa. Hakuna mtu atakufa."

Jumapili hiyo nilimwendea Mwalimu Yosia mlangoni, nikamwambia leo sipigi.

"Unaumwa? Nikuombee?"

"Hapana, Mwalimu. Nimechoka tu."

"Nikuombee nguvu, basi." Akaweka mkono juu ya kichwa changu palepale, watu wakipita, akaomba. Baba alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akizuia kicheko puani.

Tukakaa benchi moja. Msichana anayepiga kinanda siku hizi bado anajifunza, anatumia mkono wa kulia tu, na bila besi kwaya huanza kukimbia bila kujua kwamba inakimbia. Hakuna aliyegeuka kuuliza niko wapi. Wimbo wa kwanza haujaisha na Baba alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kwenye bega langu, kizito. Nikafumba macho. Nilikuwa nimechoka vya kutosha kwa usingizi wa watu wawili, nikaungoja. Wimbo wa pili. Wa tatu, ukikimbia zaidi, sauti za tatu zikiachwa nyuma na za kwanza. Usingizi haukuja.

Katikati ya wimbo wa nne nilisogeza kichwa cha Baba taratibu, nikamwegemeza kwa Mama. Njia ya kwenda ukutani, gitaa lilipoegemezwa, ilikuwa mbele, mbele ya watu wote, mbele ya wazee na Mwalimu Yosia. Nikapita hapo.